Duka Lisilouzwa

Mwekezaji aliyetaka kununua mtaa mzima alipochora alama nyekundu ya kubomoa kwenye ukuta wa duka la Dhanlaxmi, mama huyo alijaza ndoo maji, akachukua brashi na kuanza kuisugua huku watu wakitazama. Duka hilo la varanda na nguzo za mbao, katika mtaa wa zamani mjini Kisii, lilijengwa na babake mumewe.

"Mama, nyumba hii imezeeka," mwekezaji alisema. "Hapa patafaa ghorofa."

"Hata mimi nimezeeka. Utanibomoa?"

Adhis, fundi wa nguo aliyeshonea kwenye varanda hiyo, aliangua kicheko. Mwekezaji akaondoka amenuna.

Jioni Abhishek, mwana wa Dhanlaxmi, alimsihi mamake auze duka wahamie Nairobi. Dhanlaxmi alikataa katakata. Akiba yake aliitia kwenye paa jipya, akamwita seremala kutoka Nyanchwa abadilishe nguzo zilizooza. Ghala la nyuma akawakodishia akina mama wanaouza vikapu na vinyago vya mawe laini kutoka Tabaka. Wageni wakaanza kusimama kupiga picha, na wakiingia hawakutoka mikono mitupu. Adhis naye alipata wateja wengi, akaongeza cherehani ya pili.

Jirani yao Ochanda, aliyekuwa amekubali kumuuzia mwekezaji duka lake, alivunja mapatano na kumwita seremala yuleyule.

Upande wa pili wa barabara, ghorofa la mwekezaji linaendelea kupanda na vumbi lake humwagikia bidhaa za dukani. Kila asubuhi Dhanlaxmi hulipangusa vumbi hilo, kisha hufungua milango yote wazi.