Kadi Ndani ya Kola

Mama Mikasi alikuwa fundi cherehani, na jina hilo walimbandika wateja kwa sababu mkasi haukumtoka mkononi. Akaunti ya benki hakuwa nayo, simu yake ya kubonyeza, na hela zake alizificha kwenye kopo la vifungo. Sasa mtu wa namna hiyo umwambie anunue kitu mtandaoni, si atakutoa mbio? Lakini mtoto ni mtoto. Binti yake wa miaka tisa hakusikia vizuri, na mwalimu alishasema wazi: shule zikifunguliwa bila kifaa cha sikio, anarudishwa darasa la chini. Kifaa chenyewe madukani hakuna.

Nyumbani walikuwa na sharti moja: usizungumze na mtoto huku umebana pini mdomoni. Binti alisoma midomo. Mama akiwa na pini, kwake ni kama ametoka chumbani.

Mdogo wa kiume wa Mama Mikasi, mwenye duka la fotokopi mtaa wa pili, ndiye aliyeleta habari ya kadi.

"Dada, hii unainunua dukani kama vocha," alisema. "Unajaza hela kwanza, unatumia ulichojaza, basi. Haitaki benki, haitaki kitambulisho, hata jina lako haina. Mwizi akiiba namba, ataambulia kilichobaki."

"Na hela ikiisha?"

"Ikate utupe. Mimi mwenyewe namba siiweki popote, kwa usalama wako."

Hapo akapendezwa. Kadi isiyomjua mtu ndiyo aliyoitaka! Akaijaza miezi saba ya kushona sare. Makato yakala zaidi ya walivyodhani, akasonya, akaongeza. Mdogo wake akabonyezabonyeza kompyuta ya dukani kwake, akaagiza kifaa, ujumbe ukaja kwamba malipo yamepokelewa. Kadi ikabaki tupu.

Basi akaikata kama alivyoambiwa. Lakini kutupa? Fundi atupe plastiki ngumu namna ile? Kola ya shati la maana inataka kijiti cha kukaza ncha, na vile vya dukani siku hizi ni laini kama karatasi. Mezani lilikuwepo shati jeupe la mzee fundi saa, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyetaka kupiga picha na wajukuu. Akachonga vijiti viwili, kimoja chenye namba za mbele, kingine chenye zile tatu za mgongoni, akavishonea humo humo. Mabaki akayafagia. Kola ikasimama, acha! Mzee alijitazama kwenye kioo akacheka kama bwana harusi.

Picha alipiga. Wiki haikuisha, moyo ukamzimika, na familia ikaamua azikwe na shati lile lile. Mama Mikasi alimlilia kama baba yake.

Siku ya tatu baada ya mazishi, mdogo wake akaingia anahema.

"Dada, wale wauzaji wameishiwa. Wameghairi oda."

"Unasemaje?"

"Usiogope! Hela wamerudisha yote. Tunachagua kwingine leo leo."

"Wamerudisha wapi?"

"Kwenye kadi. Ilete."

Mkasi ukasimama katikati ya kitambaa. Alipomweleza, mdogo wake alikaa juu ya robota la nguo akashika kichwa. Wakapiga simu kwenye kampuni ya kadi. Akapokea msichana mwenye sauti tamu.

"Mama, nisomee namba kumi na sita za mbele."

"Mwanangu, sinazo. Kadi niliikata. Risiti ipo, ila ina nne za mwisho tu."

"Pole sana, mama. Kadi hizi hazina majina. Kwetu sisi, mwenye namba ndiye mwenye hela."

"Hela ni zangu! Nimeharibu macho kwa kuzishonea!"

"Nakuelewa, mama. Kuna lingine nikusaidie?"

Lingine! Jamani, lingine lipi? Simu ikakatika, na yeye bado ameishikilia sikioni.

Mdogo wake aliutazama ukuta wa upande wa fundi saa, akafungua mdomo.

"Nyamaza," Mama Mikasi alimkatiza. "Usithubutu hata kulitamka." Alikuwa amewaza kaburi lile kabla yake, na akaona aibu.

Wakiwa hivyo hivyo, mjane wa fundi saa akabisha hodi.

"Nimekuja kushukuru, mwanangu. Kila mtu kaniuliza shati lile kashona nani. Kola ilisimama wima mpaka tunafunika jeneza."

"Asante, mama," alijibu.

Mjane alipoondoka, na mdogo wake akarudi dukani kwake, binti aliingia kutoka uani. Nywele alizibana nyuma ya masikio, kama alivyofanya kila siku tangu aonyeshwe picha ya kifaa, ili kikija kikute nafasi. Akasimama mbele ya cherehani, macho kwenye midomo ya mama yake.

"Mama, kimefika?"

Mama Mikasi alinyoosha mkono kwenye kikopo cha pini. Akachukua moja, akachukua ya pili, ya tatu, akazibana zote mdomoni.

Binti akavuta kigoda akakaa, akasubiri azitoe.