Zamu ya Kushoto

Jumanne moja, saa tisa na robo alasiri, mke wa Kushoto alikuwa mezani akitia vifungo kwenye mashati ya shule. Kila shati lilitaka vifungo saba, sita vya mbele na kimoja cha akiba ndani ya upindo, naye alikuwa amefika shati la kumi na moja. Alichukua kifungo kimoja cheupe, akakiweka kwenye kiganja cha kulia, akapitisha mkono wa kushoto juu yake kama daftari la mumewe lilivyomwelekeza, akafumba, akafumbua. Kifungo hakikuwepo. Akatazama mkono wa pili, ambako ndiko kilikotakiwa kujificha kati ya kidole cha kati na cha pete. Nako hakikuwepo. Akakung'uta gauni, akainama chini ya meza, akafagia chumba kizima. Kisha akachukua kifungo kingine akaendelea na shati, kwa sababu fundi aliyempa kazi alitaka mashati yake kabla ya Alhamisi.

"Kimekwenda," alimwambia wifi yake, aliyekuwa amekaa mlangoni akichambua mchele.

"Afadhali," alijibu wifi bila kuinua kichwa. "Wiki nzima umekuwa ukiniangushia vijiko tu, nikadhani nimehamia hotelini."

Wifi huyu alikuwa dada mkubwa wa Kushoto. Alikuja kwa ajili ya msiba, msiba haukufanyika, na yeye hakuondoka.

Kushoto alifanya kazi kiwanda cha sabuni miaka kumi na minne, akisimamia pipa la tatu, lile kubwa la kuchemshia. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu mkono wake wa kushoto, walisema, ulikuwa na akili zake peke yake. Alikuwa mtu wa kiinimacho. Hakufundishwa na yeyote, wala hakutaka kufanya vile viinimacho vinavyojulikana kila mahali. Alisema hivyo ni kama kuvaa kiatu cha mtu mwingine, unatembea lakini kidole kinakulaumu. Vyake alivitunga mwenyewe. Angekaa na kijiko mwezi mzima, akikigeuza kila jioni, mpaka siku moja angesema, "Sasa nimejua kinataka nini." Alitumia karata, vifungo, vizibo, uzi, vikombe. Kila alichotunga alikichora kwenye daftari la hesabu, mikono na mishale, na kukipa jina. Kimoja kiliitwa Mgeni Amekataa Chai: kijiko kinazama kikombeni, kinatokea ndani ya birika. Kingine, Shemeji Hatoki, kilikuwa cha karata moja inayorudi juu ya fungu hata ukiifukuza mara tano.

Walipokuwa bado wageni ndani ya ndoa alimwomba mkewe kastabini, ile kofia ya chuma ya kuvalia kidoleni wakati wa kushona. Akaifumba mkononi, ikapotea. Siku tatu mke alishona kidole kitupu, akijichoma. Siku ya nne alikata mkate alioununua mwenyewe, dukani alikokwenda mwenyewe, akaikuta katikati. Alimbembeleza amwambie alivyofanya. Kushoto akasema, "Nikikwambia utanizoea."

Hakumwambia, na mke hakumzoea.

Kiinimacho chake kilichojulikana zaidi kilikuwa cha getini. Pale kiwandani kila mtu ana kadi yake. Asubuhi unaigonga kwenye saa ya ukutani, mashine inapiga muhuri wa saa uliyoingia, unaichomeka kwenye ubao wa walio ndani. Jioni unaigonga tena na kuirudisha kwenye ubao wa walio nje. Kushoto aliigonga kama wengine, lakini hakuichomeka. Aliinyoosha mbele ya mlinzi, akaipuliza, ikapotea. Jioni, king'ora kikilia, aliitoa ndani ya kofia ya mlinzi, akaigonga, akaenda nyumbani. Mlinzi alikuwa amezoea kuvua kofia mwenyewe na kuinamisha kichwa, na watu walisimama kuangalia. Karani wa kiwanda alimwonya kwa barua mara mbili kwamba ubao wa walio ndani ndio kumbukumbu halali. Kushoto alizikunja barua zote mbili, na karani akazikuta mfukoni mwake mwenyewe.

Basi Jumatatu moja Kushoto akaingia kazini na hakutoka. King'ora kililia, watu wakatoka wakaisha, mkewe akafika getini kabla giza halijaingia. Mlinzi alikuwa ameshika kofia mkononi. Alisema hakumwona. Karani akafungua orodha aliyoinakili asubuhi kutoka ubao wa walio ndani na kumwonyesha: nafasi ya kadi namba mia moja kumi na saba ilikuwa tupu. "Hakuja kazini leo, mama," alisema kwa upole, akimwonyesha kwa kalamu.

Siku hiyo pipa la tatu lilikuwa limezimwa kwa saa mbili, kisha likawashwa tena. Wenzake wawili wa pipa hilo walihamishiwa tawi la mbali wiki ileile. Sabuni ya wiki ile ilitoka nyeupe kama kawaida na watu wakafulia.

Baada ya mwezi barua ikaja kwamba Kushoto ameandikwa mtoro. Majirani wakasema amepata mwanamke, maana mikono kama ile haikosi pa kwenda. Mke alikuwa mtu wa sala tangu utotoni, akaenda kuomba mumewe asaliwe kama marehemu. Wazee wa sala walimhurumia, lakini walisema hawawezi kumsalia kama maiti mtu ambaye karatasi inasema amekimbia. Kwa hiyo hakuwa mke wala mjane. Hakudai kitu kingine chochote kutoka kiwandani ila neno moja, waandike kwamba mumewe aliingia asubuhi ile. Karani alisema kiwanda kinaandika kwa kadi, hakiandiki kwa machozi.

Ndipo akalitoa daftari kabatini. Alijua kadi ilikuwa mahali fulani, kwa kuwa Kushoto hakuwahi kupoteza kitu; alikificha tu. Ukurasa wa kadi ulikuwa wa mwisho. Angeweza kuruka kwenda huko moja kwa moja, lakini yeye alifika darasa la saba tu na kila alichojua alikijua kwa kuanzia mwanzo. Akaanzia ukurasa wa kwanza.

Ilimchukua miezi minane. Vidole vilivyozoea sindano viligoma kuficha. Alisali alfajiri, akatia vifungo asubuhi, akajifunza alasiri. Karata zilimwagika, vijiko vikaanguka, wifi akatoa hukumu kutoka mlangoni. "Nimekiona." "Hicho pia nimekiona." "Hicho hata kuku wa jirani amekiona." Kila alipokosea alisikia kama mumewe anacheka, kicheko chake cha puani, na mara nyingine alikosea kusudi.

Mpaka Jumanne ile ya kifungo.

Kesho yake asubuhi aliona punje ya mchele imenasa kwenye nywele za wifi, nyuma ya sikio. Akanyoosha mkono kuitoa, akatoa kifungo. Kilikuwa cha moto kidogo, na kina unga mweupe matunduni. Wifi alikinusa.

"Pipa la tatu," alisema. "Lile ndilo wanalotia mafuta mengi." Akarudi kwenye mchele wake.

Baada ya hapo kila alichokificha sawasawa kilikwenda, na siku ya pili kilirudi. Kijiko kilirudi kimetafunwa ncha, na kutafuna vijiko ilikuwa tabia ya Kushoto. Kikombe cha chai kilikwenda kimejaa, kikarudi kitupu, na sukari imebaki chini bila kukorogwa, maana Kushoto alipenda mwisho wa chai uwe mtamu. Mke alikaa na kikombe kile mikononi mpaka mchana. Tangu siku hiyo wakawa wanapika chai ya watu watatu. Wifi alilalamikia sukari, kisha akafuma soksi akaituma. Ilirudi soksi nyingine, kuukuu, yenye tundu kisiginoni.

"Hajabadilika," alisema wifi, akatafuta sindano.

Ukurasa wa mwisho ulichorwa mikono miwili na kichwa kilichoinama chini ya kofia. Nyumbani hakukuwa na kofia, kwa hiyo Jumapili baada ya sala wifi akavaa sufuria ndogo.

"Na mtu akipita akiniona?" aliuliza.

"Inama, wifi."

"Nainama. Lakini ujue mimi ni mkubwa wako."

Mke alipuliza kiganja chake kitupu, akafunua sufuria, akaingiza mkono wa kushoto. Kadi ilikuwa humo. Namba mia moja kumi na saba, kona imekunjwa kidogo kama Kushoto alivyokunja kila kadi aliyoshika. Tarehe ilikuwa ya Jumatatu ile. Kuingia: saa moja kasoro dakika tatu. Kutoka: pamebaki peupe.

Kesho yake alivaa gauni lake la sala na kwenda kiwandani. Mlinzi alipomwona alivua kofia, akaitazama ndani, akainamisha kichwa.

"Shemeji," alisema polepole, "mimi nina watoto wanne."

"Najua," alisema mke wa Kushoto. "Vaa kofia yako, jua kali."

Karani aliipokea kadi, akaigeuza, akalinganisha wino wa muhuri na wa kadi nyingine za Jumatatu ile. Alimuuliza imetoka wapi, naye akasema ndani ya sufuria. Karani akaandika: ndani ya sufuria. Akaenda kwa meneja, akakaa huko muda wa kutosha mtu kunywa chai, akarudi na faili.

"Kadi ni halali, mama," alisema. "Kiwanda kilikosea, na kosa limesahihishwa. Neno mtoro limefutwa."

Akamgeuzia faili ajionee. Neno lilikuwa limekatwa kwa mistari miwili ya rula. Juu yake, kwa mwandiko mzuri, waliandika: Zamu inaendelea.

"Ina maana gani?" aliuliza.

"Aliingia na hajatoka," alisema karani. "Mtu aliyeingia na hajatoka yuko kazini. Aliye kazini hatuwezi kumwandika marehemu."

"Basi mniruhusu nikamwone huko pipa la tatu."

"Hairuhusiwi kumsumbua mtu akiwa kwenye zamu, mama."

Karani hakuwa mtu mbaya. Alisogeza kiti, akashusha sauti. Alisema kuna njia ya kulimaliza. Saa ya kugongea ile pale ukutani. Angeweza kuirudisha nyuma mpaka Jumatatu ile, saa ya kutoka, wakaigonga kadi kwa niaba yake, kama marafiki wanavyogongeana, na faili likafungwa. Yeye angepata barua safi: aliingia, akafanya kazi, akatoka salama.

"Akatoka salama akaenda wapi?" aliuliza.

"Hilo si la kiwanda."

Aliiangalia saa ya ukutani. Mshale wake mrefu ulikuwa ukisogea kwa kuruka. Alifikiria barua ile safi, na wazee wa sala wakiisoma, na mumewe akitoka getini kwenye karatasi, jioni, akienda zake kwa miguu, mbali na nyumbani kwake. Akaichukua kadi mezani.

"Sitamsingizia," alisema.

Akaifumba kwenye mkono wa kushoto, akafumbua. Karani alitazama kiganja kitupu, akaandika kwenye faili kwamba kadi imerudishwa kwa mwenyewe, akamwomba asaini. Alisaini.

Nyumbani wifi alisikiliza habari yote huku akikata vitunguu. Mwishowe alisema angalau sasa mdogo wake ana kazi ya kudumu, maana baba yao aliomba hivyo miaka yote. Halafu akajifuta macho kwa mkono wa nguo na kuvilaani vitunguu.

Saa kumi na nusu mke wa Kushoto alimimina chai, vikombe vitatu. Cha tatu alikitia sukari vijiko viwili bila kukoroga, akapitisha mkono juu yake, kikaenda. Akaketi kwenye mashati yake. Safari hii kikombe hakikungoja kesho. King'ora cha kiwanda kilipolia na watu kuanza kutoka, kilikuwa kimekwisha kurudi mezani. Hakikuwa na sukari chini. Kilikuwa kimeoshwa, kinang'aa, kinanukia sabuni.

Wifi alikichukua, akakigeuza huku na huku.

"Yule?" alisema. "Kuosha kikombe? Huko wamemfunza."

Mke alikirudisha rafuni, akaenda kusimama mlangoni, mahali geti la kiwanda lilipoonekana. Aliwaangalia watu wa zamu wakipita mmoja mmoja mpaka wakaisha, na mlinzi akafunga geti.