Kupumzishwa Kumenichosha

Bi Zeina wa Mchafukoge alikuwa anatafuta mtu wa kumuudhi, na mji mzima ulikuwa umemgomea.

Msimdhanie mgomvi. Alikuwa mtunzi wa majina ya kanga, yale maneno yanayochapwa juu kidogo ya pindo, ambayo mwanamke huyavaa akapita nayo mlangoni kwa jirani bila kufungua mdomo, na jirani asilale. Zamani majina yake yalitoka Kariakoo yakachoma watu mpaka Tanga na Mtwara. Mawifi wawili wa Magomeni walinuniana mwaka mzima kwa doti moja tu aliyoitunga yeye. Kisha akazaliwa Hussam, wakafuata mapacha, mama mkwe akapigwa kiharusi akauguzwa mle mle ndani, na kalamu ikawekwa chini. Sasa mama mkwe ametangulia mbele ya haki, watoto wamekuwa watu wazima, na Bi Zeina mkono unamuwasha.

Akajifukiza udi, akaenda dukani kwa Mansukhlal, muuza kanga aliyekuwa akiyachapisha majina yake. Mzee mwenyewe siku hizi hatoki nyumbani. Duka analiendesha mkwewe Hiral, mwanamke mwenye simu mbili na subira nusu.

"Shikamoo, Bi Zeina. Umepotea sana."

"Marahaba, mwanangu. Nimerudi kazini."

Akamwekea mezani majina aliyoyatunga wiki nzima. Hiral akayasoma: Mama ni taa ya nyumba. Subira huleta heri. Upendo wa kweli hauzeeki. Akakuna kichwa kwa kalamu.

"Mazuri, Bi Zeina. Lakini haya ni ya kuendea msibani. Baba mkwe alikuwa anasema majina yako yana pilipili. Haya mbona sukari guru?"

"Nimekaa muda mrefu, mwanangu."

"Naelewa. Ila mzigo mpya unaenda kuchapwa wiki ijayo. Niletee moja tu, lenye pilipili. Ukikosa, kuna kijana ananitungia kwa simu, dakika mbili majina kumi. Yote mabaya, lakini hachelewi."

Bi Zeina alitoka pale. Aliogopa. Aliogopa kwamba kile kitu alichokuwa nacho, ambacho si mume wala mtoto aliyempa, kimekufa kimya kimya kama mmea uliosahauliwa dirishani, na yeye hakusikia hata kilipokata roho.

Ugonjwa wenyewe aliujua. Jina la kanga halitungwi na mtu aliyeshiba amani. Majina yake yote ya zamani yalitokana na Nour, dada wa mumewe, mwanamke aliyekuwa bingwa wa kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. "Pilau yako tamu, wifi. Umemwagiza nani akupikie?" Ndivyo alivyokuwa Nour. Neno moja la Nour lilitosha kanga tatu.

Basi Bi Zeina akapika pilau, akaiunguza makusudi, akaipeleka Magomeni kwa wifi yake na moyo uliojaa matumaini.

Nour alikuwa amerudi Hija. Aliila ile pilau mpaka ukoko, akalamba vidole, akasema, "Mashallah. Mikono yako ina baraka, wifi yangu. Nisamehe kwa yote niliyokukosea."

"Hata yale ya harusini?"

"Hata yale."

Bi Zeina alirudi nyumbani na msiba. Adui wa kutegemewa, aliyemlea kwa miaka, amekwenda kutubu bila hata kumwuliza. Kesho yake akaingia Kariakoo akamsimamia muuza masufuria, akayaita masufuria yake mabati ya paa, akayagonga, akayanusa, akatoa bei ya kutukana. Muuzaji akamtazama kwa huruma. "Chukua tu, mama. Unanikumbusha mama yangu mzazi." Akamwongezea na mfuniko.

Siku ya Jumapili akaja mgeni. Alikuwa Kasmir, rafiki wa kibiashara wa mumewe, Abdulla. Bi Zeina alikuwa ameamka alfajiri: kakanda, kakaanga, kapika biriani, kasugua sebule, na ile kanzu iliyomkaa Abdulla kama bwana harusi kaipiga pasi yeye. Sasa alikuwa anaingia na sinia la kahawa na haluwa.

"Na shemeji," Kasmir akauliza kwa adabu, "anajishughulisha na nini?"

"Huyu?" Abdulla akajinyoosha kitini kama mtu anayeonyesha nyumba aliyoijenga. "Huyu hafanyi kitu. Nimempumzisha."

Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe alikuwa ameipiga pasi asubuhi ile. Lile neno lilimchoma Bi Zeina pale pale pa zamani, likaingia mpaka kwenye mfupa, na baada ya uchungu ikapanda furaha isiyo na adabu. Almanusura ambusu mumewe mbele ya mgeni. Akatua sinia, akasema, "Karibuni haluwa," akakimbilia jikoni. Kalamu hakuiona. Akachukua wanja, akaandika juu ya kasha la haluwa: KUPUMZISHWA KUMENICHOSHA.

Hiral alipolisoma aliziweka chini simu zote mbili. Akalisoma tena kwa sauti. Mteja mmoja aitwaye Evarista, aliyekuwa anapapasa vitambaa pembeni, akageuka.

"Iko wapi hiyo?"

"Bado haijachapwa, dada."

"Basi niwekee doti mbili. Moja yangu, moja namtumia mama."

Ikachapwa, ikatoka, ikaenea. Abdulla akaikuta kwa wateja wake, kwa mama ntilie, kwa karani wa benki aliyejifunga juu ya sketi mvua iliponyesha. Jioni moja akaja na hasira zake nyumbani. "Mwanamke aliyetunga maneno yale," akasema, "hana mume."

"Huenda anaye," akasema Bi Zeina, akamwongeza kahawa.

Alitaka kumwambia, lakini utamu wa kunyamaza ulimzidi. Ikafika Idi. Abdulla akamletea zawadi, doti mpya imekunjwa vizuri, nyekundu na nyeusi. Aliichagua kama wanaume wote wanavyochagua kanga, kwa rangi. Bi Zeina akaikunjua taratibu, akamshikia jina mbele ya macho. Abdulla akasoma.

"Nikaibadilishe?"

"Ya nini? Nimeitunga mwenyewe."

Abdulla alikaa chini. Si mjinga, alihesabu nyuma mpaka akafika kwenye haluwa. "Siku ya Kasmir," akasema.

"Siku ya Kasmir."

Tangu hapo ukawa mwisho wa raha. Abdulla aligeuka asali. Akaosha vikombe, akamsifia kila alichopika, akamtangaza kwa wageni kuwa mke wake ni mtunzi mkubwa. Na Hiral alikuwa anapiga simu kila siku, anataka jina jingine. Bi Zeina akakaa na karatasi nyeupe mpaka akashindwa.

"Baba Hussam, utaniharibia kazi. Niudhi."

"Nikuudhi vipi?"

"Kama zamani. Sema chochote."

Abdulla akafikiri kwa bidii. "Una pua ndefu."

"Uliisifia kabla hujanioa."

"Chai yako chungu."

"Leo umepika wewe."

Abdulla akaweka kikombe chini, akamtazama mkewe. Aliposema tena, sauti yake haikuwa na mchezo.

"Mimi sikukuambia uache kutunga, Zeina. Kujisifu nilijisifu, na hapo nimekosa. Lakini kuacha uliacha mwenyewe. Kanga yako ya mwisho ilikaa dukani kwa Mansukhlal mwaka mzima, haina mnunuzi. Ukaja ukasema huwezi tena kutunga, Hussam analia. Hussam alikuwa amelala."

Bi Zeina akafungua mdomo aseme mapacha, aseme mama mkwe, aseme mafua na shule na ada. Yote hayo yalikuja baadaye, na yeye alijua. Ilimuuma kuliko Nour katika miaka yake bora. Alimchukia mumewe kwa dakika nzima, chuki safi, halafu akaona haya, kwa sababu hapakuwa na uongo hata kidogo wa kushikilia.

Akavuta karatasi. Akaandika: MLANGO NILIUFUNGA MWENYEWE, UFUNGUO NINAO.

Abdulla akachungulia begani kwake, akasoma. "Na hii umenipiga mimi?"

"Hapana," akasema Bi Zeina. "Hii nitaivaa mwenyewe."