Medali Haishiki Kwenye Mafuta

Usiku wa jana niliota, na wa kulaumiwa ni Mama Sikitu. Jioni alikuja kuomba kiberiti, akaniachia maneno: "Shoga, mtoto akipata ile tuzo ya vitabu vya picha, anabaki humo humo kitabuni. Unafikiri ile medali wanaigandisha kwenye jalada kwa nini? Ni kufuli ile!" Nikamcheka. Lakini nikalala nayo.

Mwanangu Mwajabu yuko darasa la nne. Amechora kitabu cha picha, mwalimu wake amekipeleka kushindanishwa. Picha ya mwisho amejichora mwenyewe, amesimama kwenye nyasi za bluu, maana penseli ya kijani ilikuwa imeisha.

Basi, ndotoni tuko ukumbini, mimi na yeye. Namsuka. Mikono yangu imejaa mafuta ya nazi. Mezani wamekaa majaji, ni penseli za rangi, zote zimevaa tai. Jaji mkuu ni ile ya kijani, kipande kidogo kama jino la mtoto, imewekewa tofali ili ionekane.

"Mama Mwajabu," inaniuliza, "kwa nini nyasi ni za bluu?"

"Wewe uliisha, mheshimiwa."

"Ni kweli. Niliisha." Inawageukia wenzake. "Mtoto mkweli huyu. Ameshinda."

Mimi tena! Napiga vigelegele mpaka koo linakauka. Penseli nyekundu inasubiri nimalize, kisha inasoma kanuni: "Kitabu kilichoshinda ni mali ya tuzo, pamoja na vyote vilivyomo."

"Vyote vipi?"

"Nyasi. Jua. Mtoto."

Nageuka, ukumbi haupo. Tuko kliniki. Kitabu kimening'inizwa kwenye mizani ya kupimia watoto, kimevalishwa hata ile kaptura ya kupimia, na Mwajabu anaingia ndani ya kurasa, miguu kwanza. Miguu iliyokwisha kuingia imekuwa bapa kama karatasi. Kila akizama, mshale wa mizani unapanda.

"Anaongezeka vizuri," inasema penseli nyeupe. Ndiyo nesi.

"Mwajabu, toka humo!"

"Mama, huku hakuna vyombo vya kuosha," ananijibu. Wala haogopi. Hapo ndipo ninapoogopa mimi.

Medali inakuja ikibingirika, kubwa kama sinia, ya dhahabu, ina mdomo. "Pisha, mama, nifunge jalada."

"Mtoto hajala huyu!"

"Atakula papai. Amelichora mwenyewe, ukurasa wa tano."

Namvuta mkono, unaniponyoka kwa mafuta. Ndipo nakumbuka ninavyompigia kelele kila siku: usishike daftari na mikono ya mafuta! Nikakipaka kile kitabu, mbele na nyuma, kama ninavyompaka mtoto akitoka kuoga.

Medali inajibandika. Inateleza. Inajibandika tena. "Mama, umefanya nini? Sishiki!" Inaanguka, inabingirika mpaka mlangoni, inatoka nje ikilia.

"Kitabu chenye doa hakipewi tuzo," inasema penseli ya kijani, bila chuki. "Chukua mtoto wako."

Niliamka nimemshika Mwajabu miguu, namvuta, na yeye anakoroma. Kumekucha. Nikafunua shuka. Nyayo zake zote mbili ni za bluu, mpaka kwenye vifundo. Nimesugua kwa dodoki na sabuni ya kipande, rangi haitoki.

Na washindi wanatangazwa leo.

Kina mama wenzangu, haya yashikeni:

Mtoto asijichore mwenyewe. Achore kuku.

Akishajichora, asikanyage nyasi.

Mikono ikiwa na mafuta, msiinawe siku ya matokeo.

Kitabu kikipimwa uzito, ondokeni na mtoto wenu hapo hapo, msiage.

Mkiambiwa ameshinda, msipige vigelegele kabla hamjamshika.

Na msimrundikie mtoto vyombo. Mimi vya asubuhi nimeosha mwenyewe.