iPhone ya Kujitengenezea

Wiki ya kwanza ya likizo Toussaint aliitoa sadaka kwa simu yake ya Kichina. Aliiruti, yaani aliwapokonya walioiunda mamlaka ya mwisho juu yake, akabadilisha alama, herufi, saa, hata mlio wa kufunga kioo, mpaka ikafanana na iPhone kama kurwa na doto. Macho yalimwuma. Shingo ilikataa kugeuka. Ila kioo bado kilionyesha mitandao miwili, wa Kongo na wa Burundi, na iPhone za watoto wa matajiri kule internati, shule yake ya bweni, zilionyesha mmoja tu. Toussaint akauzima wa pili, akapiga miayo kama mtu aliyemaliza kujenga kanisa.

Mama yake, Bernardine, alikuwa Bujumbura na koko, nyanya ya Toussaint aliyepasuliwa jicho. Agizo lilikuwa moja: wakifika mpakani Kavimvira, upande wao wa Kongo, angempigia, naye alete pikipiki upesi, kwa maana jicho lile halikutakiwa kuguswa na vumbi.

Mchana ukapita. Jirani yake Sylvestre akaigeuza-geuza simu.

"Hii iPhone yako iko bubu?"

"Iko inapumzika. Vitu vya bei havipigake kelele."

"Na mama yako, akiwa Buja, anakuitaka ku namba gani?"

Toussaint akamnyang'anya simu. Ya Burundi! Akatafuta pa kuiwasha. Mipangilio alikuwa ameificha mwenyewe, kwa ufundi mkubwa, hata yeye asiione. Akaacha, akakimbilia barabarani kusimamisha pikipiki.

Aliwakuta wameshavuka mpaka, wanatembea kando ya barabara na mfuko wao wa hospitali. Malori yalipita, na kila mara Bernardine alimfunika koko kichwa kwa kitenge. Bandeji ilikuwa na rangi ya barabara.

"Mama…"

"Nyamaza. Nimeita, nimeita, mpaka ule dada wa mashine namujua kama ndugu yangu."

"Koko, linauma?"

"Linawasha, mwanangu. Daktari alisema likiwasha, nirudi."

Bernardine akatazama jua, kisha mpaka. Hakugomba, nguvu za kugomba zilimwishia njiani. Akampandisha koko, akapanda nyuma yake.

"Geuza," akamwambia dereva. "Turudi Buja mbele hawajafunga mpaka."

"Na miye, mama?"

"Weye utakaa wapi?"

Pikipiki ikaondoka. Toussaint akajitwika mfuko wa mablanketi na sufuria, akashika njia ya nyumbani polepole, akitema vumbi.