Maua ya Mihrabu

Hakuna ukuta uliowahi kumshinda fundi yule. Mwenyewe alisema hivyo, na asiyetaka kusikia alisikilizishwa. "Mimi kuta zikiniona zinajinyoosha zenyewe," alitamba siku alipokabidhiwa mihrabu ya msikiti mkongwe.

Watu walitoka mbali kuja kuitazama tu: maua ya chokaa, mashina yamesokotana kama nywele zilizosukwa, kazi ya mkono wa babu yake mzaa baba. Nyufa zilikuwa chache.

"Chokaa iloweke mpaka iwe laini kama siagi," shangazi yake alimwambia. Yeye ndiye mfagiaji wa msikiti, na utotoni alimwona baba yake akiyachonga maua yale. "Ukuta huu mzee, unataka kupumua."

"Kwani shangazi, ukuta una mapafu?"

Akacheka peke yake. Lakini chokaa haina haraka, naye subira hana. Akakoroga saruji kimyakimya, akaziba nyufa, akapiga lipu ukutani pande zote za maua, kisha akapaka chokaa juu kuficha. Ikakauka upesi, ikang'aa, akapewa mikono. Akatembea kifua mbele mpaka mvua zilipokuja.

Maji ambayo ukuta ulizoea kuyatoa kama jasho yakakosa njia, yakajipenyeza ndani ya maua. Maua yakavimba. Adhuhuri moja imamu akiwa amesujudu, mihrabu ikaporomoka mbele ya kichwa chake.

Fundi alipofika, ukutani halikubaki hata jani. Akaokota kipande, kikamong'onyoka vidoleni. Mkono wa kuyachonga tena haukuwepo. Babu alizikwa nao, na mjukuu hakujifunza kuchonga, alijifunza kutamba.

"Kumetokea nini, fundi?" imamu aliuliza, ndevu zimejaa vumbi.

"Mvua, imamu. Mimi nilitia chokaa tupu. Wallahi, naapa hapa hapa mbele ya kibla."

Waumini wakaanza kumpa pole. Akazipokea, kichwa chini.

Nyuma yao shangazi alikuwa amepiga magoti, akizoa vipande polepole, kama anayemwinua mtoto bila kumwamsha. Mfuko ulipojaa akauburuta mpaka miguuni pa fundi. Ulikuwa mfuko wa saruji.

"Nilikosa cha kuzolea," alisema, "nikachukua mmoja katika ile mitupu uliyoificha nyuma ya birika la kutawadhia."

Pole zikakatika.

"Shika huku, mwanangu. Tumtoe baba nje."