Tabibu Wangu Kavishwa Ngao

Mume wangu ni fundi wa friji. Friji ya mteja haigusi mpaka mwenyewe aseme fungua. Lakini tabibu wangu wa kwenye gemu alimfumua Jumamosi nikiwa saluni, bila hata kunipigia simu.

Tunacheza gemu mtandaoni, sisi wawili na binti yetu mkubwa, aliyehamia mji mwingine alipopata kazi benki. Kila mtu ana mhusika wake. Wa mume wangu ni mbeba ngao: anasimama mbele na kupigwa. Wa binti yetu ni mpiga mishale. Wangu ni tabibu, kazi yake kuponya majeraha, kwa hiyo nakaa nyuma kabisa, bega kwa bega na mpiga mishale. Na gemu yenyewe imetengenezwa hivi, kwamba sauti unaisikia ya aliye karibu nawe tu. Aliye mbele huko hajui wa nyuma wanaongea nini.

Kwa ajili hiyo tu nilikubali kucheza. Binti yangu ukimpigia simu ni "salama, mama", "nzuri tu, mama", halafu ghafla anakumbuka amebandika chungu jikoni. Mpe upinde mkononi na jitu la kulenga, atakueleza mambo yake yote mpaka usahau jitu. Wiki ile alikuwa ameniandikia kwamba Jumapili alasiri nisikose, ana jambo. Nikampigia papo hapo. Akasema si kitu, mama, tutaongea kwenye gemu.

Sasa huyu baba yake hachezi, anajaribu. Kila mhusika ana alama zake za uwezo, unazigawa unavyotaka: nguvu, kasi, uponyaji. Ukitaka kuzigawa upya unalipa kwa vito, na kila ukirudia bei inapanda. Vito tunavipata kwa kuua fisi kwenye kinamasi, jioni baada ya jioni, kazi ya kuchosha kuliko kupiga pasi. Mimi naua fisi, yeye anakwenda kujaribu mbeba ngao mwenye kasi. Kesho mbeba ngao mwenye sumu. Keshokutwa anarudi alikoanzia, na vito vimekwisha. Ukimuuliza, anasema bila kujaribu atajuaje. Nami namuuliza, tangu ajue, amefanya nini na huo ujuzi?

Safari hii alikuwa amesoma mahali kwamba tabibu akivikwa ngao hashindiki. Kumjaribu huyo tabibu kwa mhusika wake mwenyewe kungekuwa ghali mno. Akakumbuka kwamba mara ya kwanza ya kugawa upya ni bure, na kwamba mimi, kwa miaka yote, sijawahi kugawa upya. Akaingia kwa jina langu, akahamisha alama zangu zote kwenye ngao. Halafu, kwa kuwa sasa hapakuwa na wa kuponya, akachukua vito vyote vya nyumba, vilevile alivyotaka kuviokoa, akamgeuza mbeba ngao wake kuwa tabibu.

Niligundua Jumapili alasiri, nilipowasha mashine chumbani nikajikuta nimevaa chuma hadi puani. Nikamfuata mume wangu sebuleni.

"Mrudishe."

"Vito vimeisha, mama," akasema, bila kuvua vipokea sauti masikioni. "Lakini wewe jaribu kwanza. Utampenda."

Nilikuwa na la kumjibu, ila binti yetu alikwishaingia kwenye gemu. Nikarudi chumbani. Binti aliponiona alicheka mpaka akakohoa, akauliza huyo kwenye pipa ni nani. Kisha akauliza kama ina maana leo nitakaa mbele. Nikamwambia muulize fundi.

Tulikuwa tunalinda lango la mji, na majitu yalikuwa yanakuja. Nikasimama langoni na ngao yangu. Nyuma, karibu na kisima, binti yangu na upinde wake, na pembeni yake, mahali pangu, baba yake. Sikusikia neno. Nilisikia rungu tu, rungu juu ya rungu.

Ila nyumba yetu ina kuta nyembamba. Kupitia ukutani sauti ya mume wangu ilinifikia vizuri kabisa, upande wake peke yake.

"Mh," akasema.

Jitu likanipiga kichwani.

"Tangu lini?"

Nikainua ngao juu juu tu, masikio yote yako ukutani.

"Sasa unakula nini?" Rungu jingine likanishukia. Kisha, polepole, kwa sauti anayotumia kwa wateja ambao friji zao hazitapona: "Mama yako anajua?"

Hapo niliishusha ngao. Nikaliacha lango wazi, nikageuka, nikatembea kuelekea kisimani. Mume wangu akaanza kupaza sauti ukutani kwamba nafanya nini, rudi, yanaingia. Yaliingia. Yalimpiga yeye kwanza, kwa kuwa tabibu hana kinga, kisha binti. Mimi, kwa chuma changu, nilifika hadi miguuni pa mwanangu ndipo nikaanguka. Tukalala pale chini watatu, kioo cha mashine kimegeuka kijivu. Binti akasema ana vito vya kutosha kutufufua, nimsubiri.

"Usifufue mtu," nikamwambia. "Unanisikia vizuri?"

"Nakusikia, mama. Umenilalia mguu."

"Basi sema."

Akavuta pumzi. "Niliacha kazi benki, mama. Mwezi uliopita. Hawakunifukuza, niliacha mwenyewe. Niko kwa fundi cherehani, najifunza kushona."

Nilikuwa na maneno mengi, na mengine si ya kumwambia mtoto. Ada ya chuo ilipita mbele ya macho yangu, na suti ya benki tuliyoinunua pamoja. Mume wangu akaamua kusaidia. Alianza kwamba mtoto bado kijana, si vibaya akijaribu.

"Baba," nikasema, "neno hilo leo usilitamke."

Binti yangu nilimjua: akisikia hasira kwenye pumzi yangu tu, atakumbuka chungu jikoni. Jitu la kwanza likapita juu yetu, likifuatwa na mengine, yakielekea mjini ambako hapakuwa na mtu wa kuyazuia. Mume wangu akaguna kwa uchungu kama mtu anayeibiwa.

"Hiyo cherehani," nikamuuliza mwanangu, "ni ya mguu au ya umeme?"

"Ya mguu, mama."

"Na huyo fundi anakufundisha kukata, au anakupa vifungo tu?"

Akaanza kunieleza.